Upande wa Mama kwenye Kanda

Siku hizi kila mtu ana zilipendwa zake. Ukifungua simu asubuhi utaona vijana wakikimbizana na askari ndani ya moshi, bei ya unga imepanda tena, mheshimiwa fulani ametukanana na mwenzake, na hapo hapo kinafuata kipande cha wimbo wa ujana wetu. Chini yake watu wazima wenye mvi wanaandika kuwa zamani kulikuwa kuzuri. Mimi husoma nikacheka peke yangu. Zamani maji yalikuwa yakikatika vile vile, na ndoo tulikuwa tukizipandisha ngazi tatu. Lakini sibishani nao. Habari za leo zinatisha, na mtu akiogopa hurudi alikozoea.

Kuna wimbo mmoja tu ambao ukipita mimi huzima simu. Ni wimbo wa mapenzi wa bendi moja ya hapa pwani, uliovuma nilipokuwa na miaka kumi na sita. Wenzangu wakiusikia hukumbuka arusi na leso za wakati ule. Mimi humkumbuka mamangu, na naona haya.

Baba alikuwa akifanya kazi Arabuni, kama baba wengi wa mtaa wetu. Mama hakuwa mwepesi wa kalamu, basi walizungumza kwa kanda. Mama hufunga madirisha ya barabarani, akakaa mkekani na redio kaseti mbele yake, akaanza na salamu ndefu, za kwake, za wazee, mpaka za jirani wa jirani. Sisi watoto hupangwa tumwamkie baba mmoja mmoja. Kanda ikachukuliwa na msafiri, baba akajibu upande wa pili, ikarudi. Tukishaisikiliza, mama hurekodi juu ya maneno yake ya mwanzo, na kanda ile ile ikaondoka tena. Hakuna aliyeona vibaya. Sauti kwetu ilikuwa kitu cha kupeleka, si kitu cha kuweka.

Mama alifariki kwa homa ya siku nne. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na ndugu yangu wa mwisho ana miezi minane. Kanda yake ya mwisho ilikuwa tayari, inangoja msafiri. Baba alipokuja aliisikiliza mara moja tu, chumbani, mlango umefungwa. Kisha akanikabidhi.

"Iweke," akaniambia. "Huyu mdogo akikua, amsikie mamake."

Niliiweka miaka mitatu. Kisha ukaja wimbo ule, na wasichana wote wa mtaani kwetu Kibokoni tukawa hatuna lingine. Jumamosi moja mtangazaji wa kipindi cha salamu akasema ndio unaofuata, nami sina kanda tupu nyumbani. Nikaichukua ile. Nilijiambia mama yuko upande mwingine, upande huu ni wa baba, na baba yu hai, atasema tena. Sikuangalia. Nikabonyeza. Wimbo ukaingia, zikafuata salamu za wasikilizaji, kisha nikaitwa jikoni, nikaiacha izunguke mpaka mwisho. Alasiri nilipoigeuza kanda upande wa pili nilimsikia baba akiuliza kama mtoto ameanza kukaa.

Sikulia. Niliogopa tu, na hofu ikanifundisha uongo. Ndugu yangu alipopata akili akaanza kuomba amsikie mama. Nikamwambia redio imeharibika. Alipopata redio, nikamwambia kanda imechakaa, ikichezwa itakatika, subiri. Akasubiri. Niliifunga kwa kitambaa, nikaitia sandukuni pamoja na udi, na jamaa wakanisifu kuwa dada huyu ndiye aliyeshika amana. Baba alikufa akiamini hivyo. Nami nilizoea kusifiwa.

Mwaka huu ndugu yangu anaoza binti yake wa kwanza. Ijumaa moja, baada ya sala ya alasiri, alitoka kwake Buxton akaja na redio kaseti aliyotengenezesha kwa fundi karibu na Marikiti. Akaiweka juu ya meza, akakaa chini mbele yake.

"Dada, sasa basi," akasema. "Fundi asema itacheza, na ikikatika ataiunga. N'nataka mwanangu amsikie bibiye siku ya arusi, ndani, kwa wanawake."

Visingizio vya karibu miaka arubaini vilikuwa vimekwisha. Nikaitoa kanda, akaitia mwenyewe.

Wimbo ukatoka, unayumba kidogo. Alishtuka, kisha akatabasamu, tabasamu ambalo sijapata kuliona usoni pake.

"Kumbe mamangu alikuwa akipenda nyimbo hini!" akasema. "Basi itaimbwa arusini. Nyimbo ya mama."

Akafumba macho, akawa anatikisa kichwa. Na mimi, nakiri, nilinyamaza. Ningenyamaza tu, yeye angepata mama mwenye wimbo, na wimbo wenyewe mzuri, nami ningebaki na sifa zangu. Nani angemwambia? Nilinyamaza mpaka ubeti wa pili ukaisha.

Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akaanza kusoma salamu. Ndugu yangu akafumbua macho, akasogea kwa magoti karibu zaidi na redio.

"Sasa hivi aja," akasema.

Hapo nilishindwa. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, amepiga magoti mbele ya redio anamngoja mamake.

"Haji," nikamwambia. "Wimbo huu ulitoka mama ana miaka mitatu kaburini. Nimeurekodi mimi, juu ya sauti yake. Nilijua siku zote."

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Aliiacha kanda izunguke mpaka ikajizima yenyewe. Kisha akauliza, taratibu, "Ulikuwapo alipokuwa akisema?"

"Nilikuwapo. Nilikupakata weye."

"Alisema nini juu yangu?"

Hilo nilikuwa nalo. Nililikumbuka neno kwa neno, kwa kuwa nimelirudia moyoni miaka yote. "Alimwambia baba: Mwanao meota jino, yuwaning'ata, na mimi simkanyi."

Akayarudia maneno yale kwa sauti ya chini, kama mtoto wa chuoni anayehifadhi aya. Kisha akanitazama.

"Nambie kama alivyosema yeye. Kwa sauti yake."

Nikafungua kinywa. Maneno yakatoka yote, lakini sauti ilikuwa yangu, ya mwanamke aliyempita mamake umri zamani. Nikajaribu tena, ikatoka hiyo hiyo. Miaka yote nilidhani niliyemnyima sauti ya mama ni yeye peke yake.