Gurudumu la Mserbia

Kwa zaidi ya mwaka mzima, Mserbia mmoja aliyekwisha kufa zamani aliniepusha na kazi ya kuteka maji. Mwenyewe hakujua, maskini. Alikuwa jemadari, na katika picha zote za kitabu chake amenuna. Lakini mimi nilimpenda, kwa sababu kila alipokwenda vitani, ndoo yangu ilibaki uvunguni.

Kitabu hicho nilipewa zawadi shuleni Unguja kwa kuwa wa pili darasani. Wa kwanza alipata hadithi za mabinti wa wafalme, zenye picha za rangi. Mimi nikapata maisha ya jemadari wa Serbia, kwa Kiingereza, jalada lake rangi ya tope. Nilikichukia hata sikukitoa mkobani, na ndiyo maana tulipokimbia, mwaka wa sitini na nne, kikakimbia na mimi.

Tulifikia Maskati watatu: mimi, mama, na bibi mzaa baba. Baba alikwenda Kuwait kutafuta kazi. Tulipata vyumba viwili ndani ya ukuta wa mji, chini ya jabali ambalo usiku lilitutapikia joto lote lililolimeza tangu asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Shule ya wasichana haikuwapo. Vilikuwapo visima, nje ya ukuta, pamoja na wanawake waliongoja zamu zao huku wakikicheka Kiarabu changu.

Halafu kulikuwa na sanduku. Bibi alikuja na sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo wake aliufunga kwenye pindo la kanga. Sote tulijua kwamba ndani mna cherehani ya mkono. Mama alikuwa fundi wa kushona, na majirani walikwisha kuanza kumletea kanzu za waume zao. Alizishona kwa sindano, mshono baada ya mshono, mpaka ncha za vidole zikatoboka. Alimwomba bibi sanduku lifunguliwe, kwa adabu zote.

"Sanduku likifunguliwa ndo tushahamia," bibi akamjibu. "Mie sijahamia, mwanangu. Mie nimekuja kupumzika."

Siku moja alasiri, kwa kukosa la kufanya, nilikitoa kile kitabu nikaanza kumfasiria bibi. Alimsikiliza Mserbia akizaliwa katika nyumba ya mkulima, akichunga mbuzi, akichekwa katika chuo cha kijeshi kwa lafudhi yake ya shamba. Mama alipoomba tena, bibi hakukataa moja kwa moja. "Nipe muhula," alisema. "Huyu Mserbia akifika mwisho wake, nami ntafungua."

Mama alikuwa mtu wa vitendo. Papo hapo aliniondolea ndoo. Maji atateka yeye. Kazi yangu mimi ni kusoma, na nisome upesi. Kesho yake, mama alipotoka kwenda kuchukua vitambaa, bibi alinitia kipande cha halua mkononi.

"Usimwendeshe mbio mzee wa watu, mke mwenzangu," akaninong'oneza. "Ana maradhi ya magoti."

Hakuwa na maradhi ya magoti, lakini alasiri ile ile nilimpa. Basi nikawa nala huku na huku. Kitabu kikisema majira ya baridi yalipita kwa utulivu, mimi hapo natia vita. Nilimpa jemadari mama mkwe mgomvi. Nilimpa mpishi wa Kingazija. Nilimvusha mto mmoja mara nne, mpaka bibi akaingiwa na shaka.

"Mto huu ndo ule ule, au nduguye?"

"Nduguye, Bibi."

Mama, sindano mdomoni, akiuliza kutoka chumba cha pili: "Yuko ukurasa wa ngapi?"

"Amejeruhiwa, Mama. Hawezi kwenda haraka."

Lakini kulikuwa na pahala kitabu kilinishinda kwa uzuri, uongo wangu wote haukufua dafu. Adui aliingia Serbia kila upande, na jemadari akalitoa jeshi lake nchini kwa miguu, pamoja na wazee na watoto, wakavuka milima ya theluji mpaka wakafika baharini. Huko meli zikawachukua zikawapeleka kisiwani.

Bibi alifikiri kidogo. "Wao katika milima wakapewa kisiwa," alisema. "Sie katika kisiwa tukapewa milima. Kuna mtu kachanganya mizigo."

Nikaendelea. Kabla ya kupanda milima, jemadari aliamuru mizinga isukumwe bondeni, maana haibebeki. Askari mmoja aling'oa gurudumu la mzinga wake, akalitia mgongoni, akavuka nalo theluji yote ile. Alifika pwani na gurudumu, mzinga hana.

Tasbihi ikasimama mkononi mwa bibi. "Alijua kama mzinga hanao?"

"Alijua."

"Na wenziwe?"

"Walimcheka."

"Na jemadari akamfanya nini?"

Nikatazama ukurasa. Jibu lilikuwepo, mistari miwili tu, mitulivu, haina vita wala damu. Nikaona haitoshi kwa halua niliyokula. "Alimchapa viboko mbele ya jeshi zima," nikasema, "kwa kuwatia wenziwe aibu."

Siku ile bibi hakuuliza tena. Kesho yake halua iliongezeka, na nikaambiwa jemadari asiharakishwe kwa sababu yoyote ile. Nikajisifu moyoni kwamba nimeanza kuwa hodari wa kusimulia.

Tukaenda hivyo miezi mingi. Kisha siku moja nilimwona mama ameinama juu ya kanzu nyeupe ya jirani, tone la damu limeingia kwenye shingo ya kanzu hiyo. Alilifua, akalisugua, akaianika kanzu, akarudi kushona. Hakuniuliza niko ukurasa wa ngapi. Alikuwa ameshaacha kuuliza, nami sikujua tangu lini. Niliona haya vibaya sana.

Alasiri ile nilimshika jemadari mkono nikampeleka moja kwa moja. Alirudi kwao na jeshi lake, watu wakamtupia maua, akaugua, akafa kitandani.

"Kafa?" bibi akauliza.

"Kafa, Bibi."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Kisha akafungua pindo la kanga.

Mama alipiga magoti mbele ya sanduku. Akatoa shuka, akatoa kanga, akafika kwenye kile kifuniko cha mbao cha cherehani, chenye mpini wa shaba. Alikaza mikono anyanyue kitu kizito, na kifuniko kikamjia chepesi. Chini yake mlikuwa na blanketi limekunjwa.

"Ilikuwa mezani, imefunikwa," bibi alisema, akiutazama ukuta. "Nikashika mpini, nikanyanyua, nikatia sandukuni. Kwa hofu ile hata jiwe lingekuwa jepesi. Tulipokuwa melini ndo nlijua kama cherehani yenyewe imebaki." Akamtazama mama. "Nimekuchomesha vidole siku zote hizi, mwanangu. Nilitaka kusema. Kisha nikasikia yule wa gurudumu alivyochapwa."

Mama hakujua gurudumu gani. Mimi nilijua. Nilikifungua kitabu, nikaitafuta ile mistari miwili, na kwa mara ya kwanza nikafasiri kila neno pahala pake. Jemadari alishuka kwenye farasi. Akashika upande wa pili wa gurudumu, wakalibeba wawili mpaka ufukweni, na hakumwuliza kitu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akashika kifuniko upande mmoja, akamngoja bibi ashike wa pili, ingawa hata mtoto angekibeba peke yake. Wakakiweka chini ya dirisha, kichwa chini, na mpaka siku baba alipotuletea cherehani nyingine, nyuzi na mkasi vilikaa humo.

Bibi akanigeukia. "Ungenisomea hivyo siku ile," alisema, "ningefungua siku ile ile."

Ndoo nilikwenda kuitoa uvunguni mwenyewe.