Mjusi wa Baba

Sijui mkono wangu uliinuka saa ngapi. Ninachojua ni kwamba kandambili ilikuwa mkononi kwa sababu mke wangu alikuwa amepiga deki ukumbini na hataki kuona alama za viatu, na kwamba nilipoingia chumbani kwa baba na bakuli la uji, yule mjusi alikuwa ukutani, shibiri moja juu ya mto wake. Pa! Nikausikia mshindo kabla sijajua kuwa ni mimi niliyepiga.

Mkia ulianguka kwenye shuka ukawa unapinda-pinda peke yake. Mjusi mwenyewe akaporomoka nyuma ya mto. Na baba, ambaye nusu ya mwili wake haikuwa imesogea tangu apatwe na kiharusi, akatoa sauti kifuani ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mzima. Nilisimama pale na bakuli langu, uji wa moto unanimwagikia vidoleni, naungua na sijui kama naungua.

Huku kwetu Shika Adabu hakuna mtoto aliyesoma chuo cha Kurani asiyejua habari ya mjusi kafiri. Tulifundishwa kuwa yeye ndiye aliyepuliza moto wa kumchoma Nabii Ibrahimu, na kwamba anayemuua kwa pigo la kwanza hupata thawabu kumshinda wa pigo la pili. Mwalimu wangu mkubwa wa jambo hili alikuwa baba mwenyewe. Akirudi kazini bandarini alituuliza, "Leo mumeua wangapi?" nasi tukashindana kumdanganya. Kwa hiyo mkono wangu haukungoja ruhusa yangu. Ulifunzwa tangu nikiwa na miaka sita, na aliyeufunza ndiye aliyekuwa amelala pale akilia.

Lakini baba wa baada ya kiharusi si yule. Ulimi ulikuwa umekufa ganzi. Kliniki walimwelekeza apige vidoko kila siku, aubandue na kuubandika ulimi kwenye kaakaa mpaka uzinduke, naye akakataa katakata. Mzee wa watu, aliyesimamia makuli miaka na miaka, hakuona heshima yoyote katika kugogota ulimi kama anayeita kuku. Kisha asubuhi moja mjusi akalia darini, chik-chik-chik, na baba akamjibu. Wallahi, akamjibu. Tangu hapo wakawa wanaitana, mjusi akazoea hata akawa anashuka mpaka karibu na mto, na kidogo kidogo baba akaanza kutoa silabi: ma, ba, po. Kiumbe yule alifanya lililotushinda mimi na kliniki. Kumpiga yeye ilikuwa ni kuupiga ulimi wa baba, na jambo hilo nilikuwa nalijua vizuri kabisa.

Mke wangu alikuja mbio na tambara lake la deki. Akatazama mto, akatazama kandambili, akanitazama mimi.

"Bwana we, umefanyani?"

"Sijui."

"Yuwahema huyo! Usisimame kama nguzo, tafuta mkebe!"

Tulimsukuma taratibu kwa karatasi ngumu hadi ndani ya mkebe wa plastiki wa siagi, tukamtandikia karatasi laini, nikatoboa kifuniko kwa msumari. Ngozi ilikuwa imechanika ubavuni na mguu wa nyuma ulining'inia. Nilishindwa kumtazama. Mwanamume mzima, na mbuzi wa Idi nimechinja siwezi kuwahesabu! Nikapanda tuktuk hadi sokoni Likoni, mkebe nimeukumbatia, mpaka dereva akaniuliza kama nimebeba dhahabu. Nikamwambia nimebeba mgonjwa.

Kwenye duka la dawa za mifugo nilikuta akina mama wawili na kuku wao wanaosinzia. Mwenye duka, mtu wa bara aliyevaa koti jeupe lenye madoa, akaniuliza, "Ni kuku ama ni bata?"

"Mjusi."

Mama mmoja akaangua kicheko. "Subhanallah! Mjusi kafiri aletwa hospitali! Si ungemmaliza tu upate thawabu zako?"

Nilimjibu kwa hasira ambayo hakuistahili kwamba thawabu zangu azichukue yeye, kwangu zimeleta msiba. Kicheko kikakatika. Nilikuwa karibu kulia, na kila mtu mle dukani alikiona hicho kilio.

Mwenye duka alifungua mkebe, akavaa miwani, akamwinamia. "Mimi ni mtu wa kuku na mbuzi," akasema. "Mjusi sijawahi kutibu. Lakini kidonda ni kidonda." Akampigia simu daktari mmoja wa wanyama upande wa Bamburi, mwanamke anayejua kobe na nyoka. Nikaidaka simu, nikasema namleta sasa hivi.

"Usimlete," daktari akasema. "Feri na foleni zitamuua kabla hamjanifikia. Nisikilizeni."

Tukamsikiliza. Mwenye duka aliosha jeraha kwa maji ya dripu, tone moja moja, mimi nikishika tochi ya simu. Kisha akachovya kijiti chenye pamba katika ayodini aliyoichanganya na maji mpaka ikawa na rangi ya chai nyepesi. Spiriti hapana, mafuta hapana, dawa ya maumivu ya watu hapana kabisa. Mguu usivutwe wala usifungwe. Mkia uachwe, utaota wenyewe. Akae gizani, penye joto kidogo, aangushiwe tone la maji kwenye ncha ya pua, na asishikweshikwe. Akinywa, tuna tumaini. Asiponywa, basi tena.

Siku mbili hakunywa. Nilikuwa nikinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama ninayekwenda kusali, kisha nabadilisha karatasi, naweka chupa ya maji ya vuguvugu ubavuni mwa mkebe, natilia tone, nangoja. Kazini niliomba ruhusa nikisema baba amezidiwa, na haukuwa uongo. Baba alikuwa amefunga mdomo. Hakupiga kidoko, hakutoa hata ile "ma" yake. Aliutazama tu mkebe tuliouweka kwenye stuli kando ya kitanda chake, na mimi nikiingia alitazama dari.

Siku ya tatu mjusi akatoa ulimi akalamba tone. Nilipiga kelele kama timu yetu imefunga bao. "Baba, amekunywa!" Baba kimya. Wiki iliyofuata akala nondo. "Baba, amekula!" Kimya. Ubavu ukafunga, mguu ukapona kwa kupinda, akawa anatambaa ukutani mwa mkebe, na bado baba kimya. Nilimwinamia nikamwambia, "Nisamehe, baba. Mkono ulinitangulia." Akafumba macho. Nikaamini kwamba mjusi nimemwokoa, ila ulimi wa baba nimeuua, na wazo hilo lilinifanya nishindwe kulala.

Asubuhi moja nikamwambia mke wangu jikoni kwamba itabidi tumrudishe kliniki, maana sauti imekwenda na haitarudi.

Akaacha kukuna nazi. "Sauti ya nani imekwenda?"

"Ya baba."

"Hivi hujui? Kutwa waitana na huyo mjusi wake. Wewe ukitoka tu, waanza."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nikasema naenda kazini, nikaufungua mlango wa mbele nikaubamiza, nikarudi kwa ncha za vidole hadi kwenye pazia la chumba chake. Sikungoja sana. Nikasikia kidoko, kisha chik-chik-chik kutoka mkebeni, kisha kidoko tena. Na baada yake nikasikia neno zima, lisilo na kasoro, neno la kwanza tangu kiharusi.

"Pole," baba alimwambia mjusi. "Pole."

Furaha ikanizidi. Nikafunua pazia.

Baba aliniona, akafumba mdomo. Kisha mkono wake mzima, ule ambao bado una nguvu, ukavuka godoro upesi kuliko nilivyodhani unaweza, akaufunika mkebe.