Tochi za Mkwe wa Benedeta

Tangu Damalie aolewe Busia, upande wa Kenya, mama yake, Benedeta, hakuwahi kuingia dukani kwa mkwewe. Kwao Paya, upande wa Uganda, mama na mume wa binti yake hawakai chini ya paa moja wala hawapeani mkono. Akiingia mmoja, mwingine hutoka. Kwa hiyo kila alipohitaji kitu, Benedeta alisimama barazani, uso ameuelekeza barabarani, na Damalie akawa wa kupeleka maneno ndani na kuyarudisha nje.

Ndivyo alivyochagua tochi. Akina mama wa kanisa hubeba wagonjwa kwa machela kuvuka kinamasi, mvua inapozuia bodaboda. Taa moja kubwa walikuwa nayo, ila walitaka kila mmoja avae shingoni tochi ndogo ya akiba, kwa siku ambayo ile kubwa ingewasaliti. Kazi wakampa Benedeta, mwalimu mstaafu, mjane wa katekista Oriokot, kwa kuwa nyumba ile haikuwahi kutajwa pamoja na hila.

Hakuchagua kwa macho tu. Zenye chaji ya ndani alizikataa, maana umeme wa Paya hurudi unapotaka wenyewe. Za plastiki hakuzigusa. Akashika moja ya chuma chepesi, ya kuenea kiganjani, inayotumia betri ile ile ya saa ya ukutani ambayo kila kibanda cha kijijini huuza. Akafungua kifuniko, akapapasa mpira wa kuzuia maji. Akaiangusha kwenye saruji. Kisha akaomba karai la maji, akaizamisha ikiwaka, akaitazama hadi chai aliyoletewa ikapoa.

“Mama, unainunua au unaiogesha?” Damalie alimcheka.

“Naiogesha kwanza. Mwambie mumeo nataka zote ziwe ndugu za hii, baba mmoja, mama mmoja.”

Damalie akaingia, akatoka. “Baba Selpher anasema uondoe wasiwasi. Anakuheshimu kama aliyemzaa.”

Boksi likaletwa limeshafungwa kwa gundi. Benedeta alitia kidole ukingoni, akakiondoa. Kufungua mzigo wa mkwe mlangoni pake ni kumwita mwizi. Akalibeba.

Kanisani zote zilifanana, zote ziliwaka. “Nimezichagua mwenyewe,” aliwaambia wenzake, na ile aliyoizamisha akajivalia.

Mvua za Aprili zilipopamba moto, walimbeba Ajambo, mwenye uchungu wa kujifungua. Giza likiingia, mvua ikinyesha, wakiwa katikati ya kinamasi, taa kubwa ilimponyoka mbebaji ikazama. Wakawasha za shingoni. Zikawaka kidogo, zikafifia, zikazimika zote, ila ya Benedeta. Engole, aliyeshika machela kwa nyuma, akakanyaga pasipo na njia. Machela ikapinduka, Ajambo akaingia matopeni hadi kifuani akipiga mayowe. Walimtoa, wakamfikisha kituo cha afya wakiongozwa na mwanga mmoja. Mama na mtoto walipona.

Jumapili Engole alimfuata Benedeta nje ya kanisa. “Mwalimu, yako mbona iliwaka?”

Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Benedeta. Akafungua zile mbovu: plastiki iliyopakwa rangi ya chuma, ndani hakuna mpira. Akazirudisha zote katika boksi, akaenda Busia.

Safari hii hakusimama barazani. Aliingia moja kwa moja. Lenox, mkwewe, alimwona, akaruka meza na kutokea mlango wa nyuma, akimwacha mteja amenyoosha mkono.

“Lenox! Umeona polisi?” mteja akapaza sauti.

“Heri polisi,” mwingine akacheka. “Huyo ni mama mkwe!”

Benedeta akaketi kwenye kiti cha mwenye duka.

“Mama, toka basi, nakuomba,” Damalie alinong'ona. “Hawezi kurudi ndani ukiwa hapa.”

“Basi na akae nje. Nani alifunga boksi?”

Damalie alishikashika ncha ya leso yake. “Mimi. Alisema zinafanana. Kwamba nyinyi hamtaziingiza majini.”

“Nawe uliniona nikizamisha.”

“Nilikuona. Ningefanyaje, Mama? Ni mume wangu.”

“Na mimi pale barazani, nilikuwa nani wako?”

Kutoka uani Lenox akapaza sauti: “Mama Selpher! Mwambie mama zile za kweli ziko rafu ya juu!”

“Leta karai,” Benedeta alisema.

Alizizamisha moja moja mbele ya wateja, na kila iliyostahimili akaifuta kwa nguo yake na kuitia kikapuni. Soda aliyofunguliwa hakuigusa. Alipoinuka, Damalie alimshika mkono. “Kanisani waambie ni Lenox. Mimi usinitaje. Mimi ni damu ya marehemu Baba.”

Jumapili iliyofuata Benedeta alisimama mbele ya wenzake. Akagawa tochi, akawaambia kwamba mkwe wake alimdanganya, na kwamba yeye mwenyewe alivaa nzima bila kujua. Wanawake wakaguna kwa kumhurumia. Angeweza kuketi hapo.

“Na binti yetu?” Engole aliuliza. “Maskini, naye alidanganywa?”

Benedeta alitazama benchi alilokalia marehemu mumewe miaka yote, kisha akamtazama Engole.

“Hapana,” alisema. “Damalie alijua.”