Siku Nilipobusu Lango la Kondoo

Afadhali niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na Kalenga, maana yeye kila akisimulia anaongeza kondoo (walikuwa sita, kwake sasa wamekuwa kundi zima): ni kweli, mimi, katekista mstaafu, niliyefundisha sala watoto wa Lubumbashi na baadaye watoto wao hapa Brussels, nilipiga magoti kwenye matope ya Uingereza nikabusu lango la kuzuia mifugo, kwa ibada yote, huku narekodiwa. Hata leo nikipita Chaussée de Wavre kuna mama mmoja muuza vitenge ananitupia busu kutoka mlangoni kwake, na wateja wanageuka kunitazama.

Kalenga ni rafiki yangu wa parokia. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari kule Forest, na kilipofungwa hakukubali kukaa nyumbani akitazama dirisha, akaanza kutengeneza baiskeli za tairi nene kidogo, zile za njia za changarawe na udongo ambazo vijana wanaziita gravel. Akanitengenezea na mimi moja. Mwanzo nilicheka, kisha daktari akasema moyo wangu unataka mwendo, kisha nikaipenda kabisa (Mungu anisamehe, kuna asubuhi nimesali rozari nzima juu ya tandiko katika msitu wa Soignes, nikihesabu kwa vidole vilivyoshika breki). Basi siku moja Kalenga (baiskeli kwetu ni kinga, zikiwa nyingi makinga) akaniambia, "Papa Sylvain, bon, hapa tumekwisha kuzunguka mote. Twende Angleterre na makinga yetu. Kule kuko tunjia twa zamani, twa bapèlerins."

Neno hilo la mahujaji ndilo lililonimaliza.

Kalenga alitaka tumtafute mtu anayejua Kiingereza atuchagulie njia. Nikasema hakuna haja, simu yangu inatafsiri, mjukuu wangu ameiweka kwa Kiswahili. Mkasa wote ulianzia hapo, kwenye hilo "hakuna haja." Nilikuwa nimepata njia fupi huko Kent, kilomita kumi na nne, inayoishia kwenye kanisa la mawe juu ya kilima, na simu ikanisomea: "Baada ya malisho ya kondoo, pita lango la busu, kisha panda hadi kanisani."

Lango la busu! Kwetu Wakatoliki busu si jambo geni, padri anabusu altare, Ijumaa Kuu tunapanga mstari kuubusu Msalaba, kwa hiyo nikaona picha yote kichwani, mahujaji wa kale wamechoka, vumbi miguuni, wanalibusu lango kabla ya kupanda mahali patakatifu. Sikumuuliza mtu. Ningeweza kumuuliza hata msichana wa duka la mikate chini ya nyumba yangu Etterbeek, anasema lugha nne, lakini mtu aliyefundisha katekisimu miaka mingi amezoea kuulizwa, kuuliza kunamkwama kooni.

Na kama hiyo haikutosha, Jumapili baada ya misa nikasimama ukumbini nikawaeleza watu historia ya Lango la Busu (historia niliyoitunga pale pale, nikiamini kila neno), nikasema anayetaka tumwombee huko alete nia yake kwenye karatasi. Zikaja karatasi kumi na saba. Ya mwisho aliileta Maman Feza, mjane, mtu mpole asiyeomba kitu. Binti yake Solange anaishi Liège, na hawakuwa wameongea miaka sita, tangu walipogombana kwenye mazishi ya baba. Karatasi ilisema: "Mungu, nisikie tena sauti ya mutoto wangu."

"Papa, zingine usome mu roho," aliniambia akinibana mkono. "Yangu usome kwa nguvu."

Tulivuka kutoka Calais na gari la Kalenga, baiskeli zimefungwa nyuma, na asubuhi ile ilikuwa nzuri mno, njia nyeupe ya chokaa kati ya nyua za miti, ndege, jua la kiasi, nikasema moyoni hii ni zawadi. Kisha njia ikawa nyembamba, ikaingia malishoni, na tukaliona: lango dogo la mbao, linaning'inia ndani ya kizuizi chenye umbo la nusu duara, limeota kuvu la kijani.

"Njo hii?" Kalenga akauliza. "Papa, iko kadogo."

"Vitakatifu vingi ni vidogo," nikamjibu (nilikuwa na jibu la kila kitu siku ile).

Nikamwambia arekodi na atume papo hapo kwenye kundi la parokia. Nikasukuma baiskeli kwanza ili tuwe tumeshavuka, lakini lango lile linapitisha mtu mmoja mwembamba tu, baiskeli ikakwama imesimama kwa gurudumu la nyuma kama mbuzi anayekula majani ya juu, na mimi nikabaki nimebanwa ndani. Sikujali. Nikapiga magoti hapo hapo, nikasoma karatasi moja moja, ya Maman Feza kwa sauti iliyowafanya kondoo waache kula, kisha nikakumbatia nguzo na kuibusu, busu refu la heshima.

Nilipoinua uso alikuwepo bibi mmoja wa makamo yangu, na mbwa, na viatu vya mpira hadi magotini. Akasema kitu kwa Kiingereza. Tukamtazama. Akajaribu Kifaransa cha shule, polepole:

"Monsieur, kwa nini unabusu ua wangu?"

Nikamweleza habari za mahujaji. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, mdomo ukimtetemeka, kisha akashika lango akalisukuma upande huu, tok, upande ule, tok. Akaonyesha: mbao inagusa nguzo hii, inagusa nguzo ile. Ndiyo busu ambalo Waingereza wameliitia lango jina. Kwa lango, si kwa watu. Limewekwa ili kondoo wasitoke, na baiskeli nazo haziruhusiwi, hiyo ni njia ya miguu, njia ya farasi na baiskeli iko ng'ambo ya mto.

"Papa," Kalenga akasema nyuma yangu, "shi ulisema unaelewa?"

"Futa ile video."

"Bamama bote bamekwisha kuiona."

Bibi yule (Mungu ambariki) alitusaidia kuikwamua baiskeli, akanipa kitambaa nifute kijani mdomoni. Hapo simu yangu ikalia. Ujumbe wa Maman Feza: "Papa, Lango limesikia! Nilituma video kwa Solange. Amejibu. Anakuya dimanche."

Nilikaa chini. Kwa miaka sita mama huyu ameomba, na siku imani yake inajibiwa, mimi ndiye nimeishikiza kwenye ua wa kondoo.

"Unyamaze tu," Kalenga akashauri njiani. "Bamama banasema alors bapange bus ya kuya ku Lango mwezi wa tano. Uache mama afurahi."

Nilinyamaza hadi Jumapili. Nilipoingia ukumbini nikakuta karatasi ya kujiandikisha safari ya Lango la Busu, majina yamejaa pande zote mbili, na mbele kabisa ameketi Maman Feza, amevaa kitenge kipya, pembeni yake mwanamke mwenye macho yake yale yale. Wakaniita nitoe ushuhuda. Ilikuwa rahisi kufuata ushauri wa Kalenga, lakini sijawahi kuwafundisha watoto wa watu kwamba uongo unakuwa ukweli ukiwa na faida, basi nikasema yote: kondoo, kuvu, tok na tok. Nikasema hakuna hujaji aliyewahi kubusu kile kitu ila mimi. Nikamgeukia Maman Feza nikamwomba msamaha.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alimtazama binti yake kwa hofu, kama mtu anayeona mlango unataka kufungwa tena.

Solange akasimama.

"Papa, mimi nafanya kazi ya kutafsiri, Kiingereza ndicho mkate wangu. Nilijua ni lango la kondoo toka seconde ya kwanza. Nilicheka mpaka nikalia. Halafu ukasoma karatasi ya maman, kinga imesimama juu ya kichwa chako, na hukuona aibu. Nikajiambia, bon, kama mzee anapiga magoti mu matope kwa ajili ya maman yangu, na mimi naweza kupanda train."

Maman Feza akamshika uso kwa mikono miwili akambusu, shavu hili, shavu lile.

"Tok, tok!" Kalenga akapiga kelele kutoka nyuma, na safari hii hata yeye mama alicheka.

Sasa njia zetu anazichagua Solange, na mimi nimeapa kutogusa neno la kigeni, achilia mbali kulibusu, kabla sijauliza maana yake, hata kwa msichana wa mikate. Mwezi wa tano tunarudi Kent, kwa njia ya farasi, na Maman Feza anakuja kwa gari kutusubiri kanisani. Ameomba jambo moja tu, tukifika tushuke naye kwa miguu kumshukuru Mungu pale langoni. Nimekubali, nitamshukuru kwa moyo wote, nikiwa nimesimama wima, mita mbili kutoka kwenye mbao.