Dari Lenye Nyota

Enzi zetu mtoto hakuuliza anakwenda kuona nini. Aliambiwa avae sweta, apande lori la parokia na anyamaze. Mwanangu Neema, aliyezaliwa hapa Birmingham na sasa ana miaka kumi na mitatu, alipoambiwa atapokea kipaimara kwenye basilika ya mjini, aliingia kwenye simu akaitazama ndani na nje kabla sijamaliza kuchambua mchicha. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha mtaani kwetu Kings Heath, misa itachukua muda gani na kama choo kiko karibu.

Sisi tulijitayarisha kwa njia nyingine. Mliosoma katekisimu kule Molo, au kokote kule, mnakumbuka. Mwalimu wetu wa dini alikuwa mzee mrefu aliyetembea na fimbo ambayo hakuwahi kuitumia, maana kuiona tu kulitosha. Alitupa masharti ya basilika ya Nairobi, ambako tungepokea kipaimara, kwa wiki sita. Maji ya baraka ni ya kuchovya kidole, si ya kunawa uso. Sanamu hazinyoshewi kidole. Ukishaketi usigeuke nyuma, hata ukisikia unaitwa jina. Atakayekutwa anatafuna kitu atarudi Molo kwa miguu, na hilo tuliliamini kabisa.

Jambo moja hakulitaja, tukaambiwa na waliotutangulia. Walituapia kwamba askofu akishakupaka mafuta kwenye paji la uso anakuzaba kofi, ili uwe askari wa imani, na ukilia au ukikwepa, muhuri haushiki. Unarudi darasani kukaa na watoto wadogo mwaka mzima. Basi mazoezi yakaanza nyuma ya tangi la maji la shule. Tulizabana makofi kila jioni, kwa zamu na kwa heshima, na aliyepigwa alijibu “Amina”. Nilirudi nyumbani mashavu yamevimba, mama akadhani ni matumbwitumbwi, akanifunga kitambaa cha moto.

Msimamizi wangu alikuwa nyanya, mama yake mama. Alikuwa ametamani kuingia kwenye basilika hiyo tangu akiwa na nguvu zake, na nafasi ilipopatikana macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, anaona mwanga na vivuli tu. Mama alibaki nyumbani na mtoto mchanga. Asubuhi ya safari nyanya alinishika mkono akasema, “Leo wewe ndiwe macho yangu. Uangalie kila kitu, hasa dari. Wanasema shingo inachoka kabla hujalimaliza. Utaniambia.” Nikaitikia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona mtu mzima kwa kupewa kazi hiyo.

Tulikula viazi vitamu vilivyopoa, tukaimba kwenye lori mpaka sauti zikakauka. Nairobi ilinuka moshi wa magari na mahindi ya kuchoma. Mlangoni nilichovya kidole inavyotakiwa. Kisha tukaketi, na hapo nikaharibu. Nilianza kulifikiria lile kofi, nikainama, nikabana meno, nikafumba macho, na sikuyafumbua karibu misa nzima. Nyanya alikuwa ameniwekea mkono begani; nadhani alidhani ninasali. Nilipofika mbele nilifumbua kidogo, nikaona sakafu na viatu vya askofu, vyeusi, kamba moja imelegea. Akanipaka mafuta, akanigusa shavu kwa vidole viwili, taratibu, kama anayempangusa mtoto uji, akaenda kwa mwingine. Kofi lenyewe ndilo hilo. Tulipotoka nje nilikuwa sijaliona dari.

Kwenye lori nyanya akasema, “Haya, niambie.”

Niliona aibu, nikadanganya. Nikamwambia dari ni la buluu, liko juu sana, limejaa nyota za dhahabu, na katikati kuna malaika wawili wenye tarumbeta. Yote hayo niliyatoa kwenye kifuniko cha kopo la biskuti ambalo mama aliwekea sindano na nyuzi. Kopo la namna hiyo kila nyumba ilikuwa nalo, na biskuti zake hakuna mtoto aliyewahi kuziona. Nyanya akauliza nyota zina ukubwa gani. Nikasema kama visahani vya chai. Alicheka huku machozi yakimtoka, na tokea siku ile alimsimulia kila aliyeingia uani. Mama alizisikia nyota zile mpaka akazikariri.

Miaka miwili baadaye, nyanya akiwa kitandani hana nguvu, aliomba nimwambie tena habari za lile dari. Nikamwambia, nikaongeza na mwezi. Akafariki wiki hiyo. Niliingia tena kwenye basilika ile nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, nikaketi, nikatazama juu mpaka shingo ikachoka. Lilikuwa saruji tupu. Niliumia, siwezi kusema vinginevyo. Nilikusudia kumwambia mama, lakini kila nilipokwenda nyumbani nilikuta anawasimulia wageni habari za nyota, nikaacha.

Sasa macho ya mama nayo yameingia ukungu, na madaktari wameshasema hawana la kufanya zaidi. Kabla ya kipaimara cha Neema alinipigia simu. “Huyo mtoto aniangalizie dari la huko,” akasema. “Ataniambia.” Nikajua nikinyamaza safari hii sitasema tena.

Nilimwonya Neema kuhusu kofi. Akanijibu kwamba hiyo ni kesi ya polisi. Basilika ya hapa ni ya matofali mekundu, magari yanapita karibu nayo siku nzima, na ndani kulikuwa na baridi, tukakaa na makoti. Askofu alimpaka mafuta, akampa mkono, akatabasamu. Neema hakufumba macho hata kidogo. Alirudi kwenye kiti, akatoa simu kwa siri, akalipiga dari lote video.

Nyumbani, chapati zikiwa mezani, tulimpigia mama simu ya video. Neema akaanza kumwonyesha ile video, nikamkumbusha kwamba Shosho, nyanya yake, haoni simu. Ikabidi akitafute Kiswahili chake, ambacho hukielewa chote na hukisema kwa shida.

“Ni juu, Shosho. Juu sana. Ni mbao,” akasema. “Kuna rangi, red, na blue kidogo.”

“Na nyota?”

“Hapana. Hakuna nyota.”

“Basi, lile dari la zamani lilikuwa zuri zaidi,” mama akasema.

Nikaichukua simu. Mikono ilikuwa na unga. “Mama,” nikasema, “kuna jambo kuhusu lile dari la Nairobi.”

“Najua,” akasema. “Lile kopo la biskuti bado ninalo. Mama yangu alifurahi, ningemwambia nini? Sindano nimeshaziondoa. Neema akija, atanishika kidole anionyeshe nyota ziko wapi kifunikoni.”