Samaki Tisa na Kibuyu cha Mama

Mfereji wetu ulitoka mto Themi. Zamu yetu ya maji ilipokwisha, jirani wa juu aliuziba kwa matope na magome ya migomba, huku chini vikabaki vidimbwi tu, na ndani yake samaki wadogo wa urefu wa kidole wakihangaika. Wenzangu waliwaruka. Kwetu Waarusha samaki alikuwa nyoka aliyepungukiwa urefu, hakuliwa wala hakuguswa. Mimi nilichota mmoja, nikamtia katika chupa pana ya kioo ambayo mlowezi mmoja Mjerumani aliitupa baada ya kumaliza kabichi yake chachu.

Siku mbili alijibanza chini, hakugusa hata mchwa.

"Ana upweke," mke wangu alisema. "Kama wewe ukiitwa kubeba mawe ya boma la Wajerumani."

Alinijua. Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Hata hivyo nilirudi mferejini nikaleta wengine wanane, na papo hapo yule wa kwanza akapanda kuungana nao. Wakazunguka pamoja, wakageuka kwa mara moja kama askari wa Wajerumani uwanjani, ila hawa hawakuhitaji filimbi wala kiboko.

Shida ilikuwa mchana. Chupa ikipata joto walipanda juu wakitweta, maana walizoea maji ya mlimani, yale yanayouma meno. Nikakumbuka kwamba kibuyu hutunza baridi. Ukutani kilining'inia kile ambacho mama yangu alitumia kutuletea maziwa. Nikakijaza maji alfajiri, na jua lilipopanda nikawamiminia.

Nilisoma misheni mpaka darasa la mwisho walilokuwa nalo, lakini nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa kwetu anajua: kibuyu cha maziwa husuguliwa ndani kwa kijinga cha mzeituni-mwitu mpaka kiwe cheusi. Maji yalitoka na rangi ya chai na harufu ya moshi. Samaki wakalala ubavu. Mke wangu alikimbia na chungu kuleta maji mapya, na tulipokuwa tukiyabadilisha, mama akasimama mlangoni.

"Kibuyu changu kinafanya nini hapo?"

"Nimekiazima, mama."

"Kwa ajili ya nyoka."

"Ni samaki."

"Maziwa hayataingia humo tena. Na mimi sitaingia nyumba hii mpaka uwamwage."

Mke wangu aliniangalia, akingoja niiname kama kawaida yangu. Jumbe aliponituma kulima barabara, nilikwenda. Mwalimu wa misheni aliposema nivue mapambo ya masikio, nilivua. Mzungu aliponiita boi, nikiwa na mke na mji wangu, niliitikia. Sikumbuki kumkatalia mtu yeyote mwenye sauti.

Katika chupa, mmoja alijigeuza akakaa sawa. Kisha mwingine.

"Siwamwagi," nikasema.

"Umesemaje?"

"Kibuyu nitakutafutia kingine. Hawa wanakaa."

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Umengoja mpaka umeota mvi ndipo ukatae neno la mtu," mama alisema, "na umeanza na mimi niliyekuzaa."

"Nimeanza na aliye karibu."

Mke wangu akainamia chungu kuficha kicheko. Mama akaondoka.

Kibuyu kipya nilimpelekea, akakipokea. Kisha kila alasiri akawa anakuja kuketi nje, ameupa mlango mgongo, akinieleza habari za ng'ombe kwa sauti ya kupenya ukuta. Wapita njia walisimama kusikiliza. Alitaka nione aibu, na niliiona, lakini chupa sikuigusa. Siku ya nne nikaona si heshima mama azungumze na ukuta. Mimi nisiyependa jua nikatoka, nikakaa naye majanini.

"Bado wamo?"

"Wamo. Wote tisa."

"Na hutawatoa."

"Sitawatoa, mama."

Akanitazama kama anayemkagua ndama aliyenunuliwa na mtu mwingine.

"Basi sogea," akasema. "Unanizibia upepo."