Kashata za Zahanati

Mke mwenzangu aliletwa Mbalibali mwaka ule ule tulioamriwa kubomoa nyumba zetu za kule bondeni na kuja kujenga kwa mistari kijijini. Mimi nilikuwa mke mkubwa mwenye mtoto mmoja, na sikupata mimba tena. Yeye alitoka Nyansurura, binti mpole, na kila asubuhi aliniamkia, "Shikamoo dada," hata siku ambazo sikumwitikia. Akazaa msichana. Mume wetu akawa analala kwake hata zamu zangu.

Yule msichana alipoachishwa ziwa alianza kuharibika. Miguu ilivimba, nywele zikawa nyekundu na kunyofoka, akawa wa kukaa tu mahali ulipomweka. Muuguzi wa zahanati, mama aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, alimtazama mara moja akasema huo ni unyafuzi, ugali mtupu umemchosha mtoto. Akatuambia twende wote wawili Alhamisi, atufundishe chakula cha kumrudisha.

Lakini Alhamisi ilikuwa siku ya shamba la kijiji, na balozi wa nyumba kumi alitaka mtu mmoja kutoka kila kaya. Mimi ndiye niliyeamua nani aende wapi.

"Wewe kapalilie pamba," nilimwambia. "Nitasikiliza kwa ajili yetu sote."

"Asante dada," akasema.

Muuguzi alikaanga karanga, akazipekecha zitoke maganda, akazitwanga zisilainike sana. Akakaanga ufuta mpaka ukaanza kurukaruka, kisha unga wa ulezi mpaka ukanukia. Sukari haikuwepo duka la kijiji kwa miezi, kwa hiyo alichemsha asali kwenye sufuria, akachanganya vyote, akamimina kwenye sinia lililopakwa samli na kuvigandamiza kwa chupa. Tulisubiri vipoe, akakata vipande. Aliviita kashata.

"Hakuna kuoka, hakuna tanuri," alisema. "Vyote mnavyo nyumbani. Mtoto apewe asubuhi na jioni." Kisha akanigeukia. "Mama, yule mwenye nywele nyekundu ni wa kwenu. Mwelekeze mama yake leo leo."

Nikaitikia kwa adabu.

Mke mwenzangu alinikuta uani, jembe bado begani na mtoto mgongoni. "Wamesemaje, dada?"

Sikuwa nimepanga uongo wowote. Ulikuja wenyewe, na ulinifurahisha jinsi ulivyotoka vizuri.

"Ni kama mkate," nilisema. "Karanga na ufuta na asali. Lakini lazima viokwe kwenye tanuri, kama lile la misheni. Visipookwa vinamharibia mtoto tumbo."

Alikaa chini. "Sasa tanuri nitalipata wapi?"

"Kaombe misheni."

Alikwenda. Ni mwendo wa nusu siku. Alibeba karanga, ufuta, na kibuyu cha asali aliyoiomba kwa kaka yake, na mtoto mgongoni. Mpishi wa misheni alimwambia tanuri lao ni la mikate ya mapadri, si la wanakijiji, akamcheka kwa kutaka kuoka asali na karanga bila unga wa ngano. Alirudi jioni na mzigo wake ule ule. Aliponisimulia nilimpa pole.

Mimi kashata nilizitengeneza yeye akiwa shambani, mlango nimeufunga, nikazificha kwenye kopo lenye mfuniko. Mwanangu alinenepa. Siku moja msichana yule alifuata harufu ya ufuta, akaburuta ile miguu yake mpaka kizingitini kwangu, akanyoosha mkono. Hakulia. Nilikuwa na kipande mkononi.

"Nenda kwa mama yako," nilimwambia, nikakila mbele yake.

Haikupita mwezi akafa. Walikuwa wakimpeleka hospitali ya wilaya, yuko mgongoni kwa mama yake, na mama hakujua mpaka walipofika.

Baada ya maziko muuguzi alikuja kutoa pole. Nilikuwa nakoroga uji wa waombolezaji, nikamsikia akiuliza kwa upole, "Zile kashata hakuzipenda?"

Mke mwenzangu akasema, "Hatukuwa na tanuri."

Muuguzi aliketi kando yake. Kisha akamweleza yote, kuanzia karanga hadi sinia. Mimi sikuinua macho kwenye chungu.

Kesho yake mke mwenzangu aliingia kwangu bila kubisha hodi. Hakunisalimia. "Nionyeshe," alisema.

Nikawasha moto. Alikaa kwenye kigoda akitazama kila nilichofanya, nami nikaunguza ufuta. Nilipokata vipande, alichukua kimoja, akatafuna polepole, akameza.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu," nilisema.

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Aliokota kipande kingine, akatoka nje akampa mwanangu aliyekuwa akicheza uani, akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga yake. Siku hiyo hiyo alifunga nguo zake akaenda kwao Nyansurura, na hakumwambia mume wetu wala mtu mwingine kwa nini.

Wazee wa ukoo waliniita kuniuliza, maana mwanamke haondoki kwenye boma bila sababu. Mume wetu alikaa pembeni, ameinamisha kichwa. Wangeniamini kwa lolote.

"Mlikosana?" mzee mmoja aliuliza.

"Hapana, baba. Nilimpenda kama mdogo wangu," nilisema. "Ila alikuwa mvivu. Hata mtoto wake alishindwa kumlisha."

Wakatikisa vichwa kwa masikitiko, wakanishukuru kwa uvumilivu wangu. Mwezi uliofuata mume wetu alirudi kulala kwangu.